Maji ya Babu na Nyumba ya Biira

Jumamosi, tarehe 14 Machi 1970. Asubuhi hiyo Kasese iliamka na mvua nyembamba isiyo na haraka, na ukungu ulikuwa umeuficha mlima wote, hata mgeni angedhani tunaishi nchi tambarare.

Mliokuwa nami wiki iliyopita mliniacha nimeketi juu ya sanduku langu katika kambi ya polisi. Kwa aliyenikuta leo tu, nitaeleza kwa kifupi. Mimi ni Alisi Kabugho, Mkonjo wa Bwera, mke wa konstebo Olanya, Mwacholi. Nilijifunza kusoma nikiwa mtu mzima, katika darasa la jioni la wake wa polisi, na kitabu cha kwanza nilichokimaliza ni kile cha maswali na majibu ya dini. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimezika mtoto. Kisha Olanya akapata uhamisho kwenda kituo kipya kaskazini, kituo kisicho na nyumba za familia. Amri ilisema wake wakae kwa wazazi wao mpaka watakapoitwa.

Chumba chetu kilikuwa kimekwisha kupewa konstebo Byamukama. Mkewe alikuwa ametundika pazia lake dirishani nikiwa bado ndani.

Wazazi sina. Baba yangu alikufa nikiwa mdogo, na mama akarudi kwao, akaolewa kwingine. Niliyebaki naye ni babu yangu Masereka, na wake zake wawili. Bibi Rusi, mke mkubwa, ndiye aliyemzaa baba yangu. Biira, mke mdogo, hakupata mtoto, lakini mikono iliyonilea ni yake, na namwita mama mpaka leo.

Basi nilikuwa nimeamua kwenda Bwera kuomba nirudi kulala katika nyumba ya Biira, ile iliyo upande wa migomba, nilikolala nikiwa mtoto. Nilikuwa nikitafuta jinsi ya kulisema ombi hilo bila aibu. Mke wa askari kurudi kwao na sanduku kichwani si jambo dogo.

Ndipo mlango ukagongwa.

Alikuwa mwanamke wa Kabatoro, muuza chumvi, ambaye huzunguka mpaka soko la Bwera.

"Alisi! Bado upo hapa?"

"Nipo. Ingia, unalowa."

"Siingii. Nimetumwa. Babu yako anakuita."

"Anaumwa?"

"Kuumwa aliumwa mwezi uliopita. Sasa anaaga."

Nilishika mlango. "Amesema nini?"

"Amesema, mwambieni Alisi alete yale maji yake."

Olanya alikuwa nyuma yangu na fulana, anafunga viatu. Kiswahili chake ni cha kambini, nami nakiandika kama kilivyo.

"Maji gani hiyo?"

"Ya ubatizo."

"Bwera iko na mto mzima. Kwa nini wewe nabeba maji kutoka Kasese?"

Sikucheka. Kwa miaka mingi, kila nilipokwenda kumsalimu babu, nilimwambia jambo moja. Nilimwambia kwamba baba yangu, mtoto wake wa kwanza, alikufa akiwa amebatizwa. Nilimwambia kwamba huko aliko, mtu asiyebatizwa hafiki. Babu alikuwa akinisikiliza, kisha anaomba tumbaku. Nami nilikuwa nikirudi kambini, napiga magoti kando ya kitanda, namwomba Mungu amlainishe moyo.

Sasa moyo umelainika, na mwili unaondoka.

"Nakwenda na wewe," Olanya alisema. "Lakini kesho asubuhi lori ya polisi iko naondoka. Nikikosa hiyo, afande natia mimi ndani."

Tulipata lori la pamba linalokwenda Bwera. Tulikaa nyuma juu ya magunia, tumejifunika turubai. Njiani nilirudia kimoyomoyo swali moja la kitabu changu. Nani anaweza kumbatiza mtu aliye karibu kufa? Jibu: Mkristo yeyote, kwa maji na kwa maneno yaliyoamriwa. Nilikuwa nikilijua jibu hilo vizuri sana. Mwalimu wetu wa jioni aliwahi kunisimamisha nilisome mbele ya darasa zima.

Lakini kulijua ni jambo moja. Kulitenda ni jingine. Mikono ya kufua na kukoroga uji, je, ndiyo imfungulie babu mlango wa mbinguni? Kama nikikosea neno moja?

Kufika mto Nyamugasani, tukakuta umejaa. Maji ya rangi ya chai yalikuwa yanapita juu ya mbao za daraja. Dereva alizima injini, akashuka, akachuchumaa kwenye ukingo.

"Tutakaa hapa mpaka yashuke," akasema.

"Mpaka lini?"

"Waulize walio mlimani. Kwao ndiko mvua inakonyesha."

Nilishuka, nikaenda pembeni, nikaomba. Bwana, nionyeshe. Kama ni mapenzi yako babu aoshwe, nionyeshe njia.

Nilipofumbua macho, nilimwona mtu amesimama na baiskeli chini ya mti, mkoba umefungwa kwa mpira wa gari, kofia imelowa. Alikuwa katekista Yonasani wa Munkunyu! Yeye ndiye aliyenifundisha sala ya kwanza kabla sijaolewa. Alikuwa anasubiri kuvuka kama sisi.

Nilimweleza. Hata sikumaliza.

"Nitakuja nawe," alisema. "Mzee Masereka nimemfuata miaka yote. Kila mara ananipa viti viwili, kimoja cha kukalia na kimoja cha kuwekea kitabu, kisha anaondoka."

Nilipiga magoti palepale kwenye matope kumshukuru Mungu.

"Simama," Olanya alisema. "Nguo yako ingine yote iko ndani ya sanduku."

Yesu alikuwa amejibu, hivyo ndivyo nilivyoona. Niliomba njia, akanipa mtumishi wake mwenyewe. Sikuwa tena na hofu ya kukosea maneno. Nawaambia ukweli, wasomaji wangu, tangu mtoto wangu alipofariki sikuwa na furaha kama ile ya kwenye matope ya Nyamugasani.

Maji yalishuka, tukavuka.

Nyumbani kwa babu tulipokelewa uani na baba mdogo Asanasio, mtoto wa mwisho wa bibi Rusi. Anauza nguo na sabuni ng'ambo, upande wa Kongo, na Kiswahili chake kimehamia huko pamoja naye. Alikuwa amesimama kwenye banda la majani, anavuta turubai juu ya marobota ya nguo.

"Afande, karibu," alimwambia Olanya. "Muzee iko mubaya sana. Bamama beko ndani."

"Pole, baba mdogo," nilisema.

"Pole yetu wote. Hii mvua naye inanimaliza. Ona, nguo yangu yote inaoza inje, na nyumba iko pale, mutu moya tu ndani yake."

Alielekeza kidevu upande wa migomba, kwenye nyumba ya Biira. Sikulitilia maanani neno lile. Nilikuwa na haraka.

Babu alikuwa amelazwa katika nyumba ya bibi Rusi, karibu na moto. Biira alikuwa ameketi nyuma yake kitandani, mgongo wa babu umeegemea kifua chake, kwa sababu akilala chali alikuwa hapati pumzi. Mkononi Biira alishika kitambaa na kibuyu kidogo cha maji. Bibi Rusi alikuwa kwenye mafiga, anapuliza kuni mbichi, macho mekundu.

"Umechelewa," babu aliniambia. Sauti yake ilikuwa nyembamba, lakini ilikuwa yake. "Nimekuwa nikiwakataza hawa wasinililie mpaka ufike."

"Nani anakulilia?" Rusi alisema. "Huu ni moshi."

Nilipiga magoti. Aliweka mkono wake kichwani pangu. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa, vina makovu meupe ya maji ya chumvi. Ujana wake wote aliupoteza Katwe, amesimama ziwani mpaka kiunoni, anakata mabamba ya chumvi kutoka chini.

"Mtoto hajakuja mwingine?"

"Hajakuja, babu."

"Atakuja. Umeleta maji?"

"Nimeleta na wa kuyamwaga."

Alimtazama Yonasani, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Leo siondoki. Kaa kwenye viti vyote viwili."

Kisha akanigeukia. "Nitamkuta baba yako kweli?"

"Utamkuta."

"Vizuri. Aliondoka na panga langu."

Tulicheka, hata Biira. Babu alicheka akakohoa, na Biira akamfuta mdomo. Nilidhani kazi iliyobaki ni ndogo.

Yonasani alifungua mkoba wake. Aliomba bakuli la maji safi, na Rusi akalileta. Akaita mashahidi: mimi, Olanya, na baba mdogo Asanasio, ambaye alikuja akasimama mlangoni anapangusa mikono. Majirani wachache walikuwa barazani.

"Mzee Masereka, unamwamini Mungu mmoja?"

"Namwamini."

"Unaamini kwamba mwanawe alikufa akafufuka?"

"Alisi amenieleza. Naamini."

"Unayakataa mabaya?"

"Yananikataa yenyewe siku hizi."

Yonasani alisita. Alinitazama, kisha akatazama kitabu chake, ingawa jambo alilotaka kusema hakulisoma humo.

"Mzee, una wake wangapi?"

Babu aliinua kidole, akakielekeza kwenye moto, halafu akakirudisha nyuma ya bega lake mwenyewe, kwa Biira. "Hesabu."

"Ndilo linalonizuia," Yonasani alisema. "Sheria hii sikuitunga mimi. Mwanamume habatizwi akiwa na wake wawili, hata akiwa kitandani. Mama Rusi amebatizwa tangu zamani, naye ndiye wa kwanza. Inakubidi useme mbele ya mashahidi hawa kwamba umebaki na Rusi, na kwamba Biira umemwacha. Neno moja tu, mzee. Kisha nitamwaga maji."

Kitambaa mkononi mwa Biira kilisimama.

Sheria hiyo niliijua! Ilikuwamo katika kitabu changu, niliisoma na kuijibu. Lakini niliisoma kama unavyosoma habari za watu wa nchi nyingine. Wanawake hao wawili kwangu hawakuwa wake wawili. Wao ndio nyumbani kwenyewe.

"Niletee jiwe," babu alisema.

"Jiwe lipi?" Yonasani aliuliza.

"La uani."

Jiwe hilo liko kati ya nyumba ya Rusi na nyumba ya Biira. Kila babu aliporudi kutoka Katwe, aliweka bamba la chumvi juu yake, akalipasua katikati mbele ya wake zake wote wawili. Safari hii Rusi alitangulia kuchagua kipande, safari ijayo Biira. Hiyo ilikuwa desturi yake mwenyewe, hakuiona kwa mtu. Hakuna aliyewahi kuingia ndani kwanza kabla chumvi haijapasuliwa.

"Jiwe halibebeki, babu," nilisema.

"Basi waulize hawa. Waulize kama kuna siku mmoja alipata kipande kikubwa kuliko mwenzake."

"Kuna siku moja," Rusi alisema kutoka motoni.

"Rusi."

"Ipo. Ulikuwa umelewa. Ulipasua hovyo, Biira akapata kipande kama kichwa cha ng'ombe, mimi nikapata kama sikio."

"Nilikuletea nusu yake asubuhi," Biira alisema.

"Uliniletea. Sisemi hukuniletea. Nasema siku ipo."

Barazani mtu alicheka, akajikatiza.

"Umesikia," babu alimwambia Yonasani. "Siku moja tu. Sasa unataka nipasue leo, na mmoja nimnyime kabisa?"

Bibi Rusi aliinuka, akajifuta mikono kwenye kitenge. "Mwalimu, sikiliza. Amwache mkubwa. Mimi nina mwana, huyo hapo mlangoni, nitakwenda kwake. Huyu Biira ana nani?"

"Mama, wewe ndiwe mwenye ndoa."

"Basi nimechoka kuwa na ndoa."

"Haiwezekani, mama."

"Haiwezekani kwa nani? Mimi nakupa ruhusa!"

Yonasani aliinamisha kichwa. Si mtu mkatili, nataka mjue hivyo. Machozi yalikuwa karibu naye kuliko nami. "Nikimbatiza hivi, nitakuwa nimemdanganya. Nami nitaulizwa."

Babu alifumba macho. "Nitakufa na chumvi yangu," alisema.

Yonasani alifunga kitabu. Taratibu alianza kukunja kitambaa chake cheupe cha ubatizo.

Biira alimlaza babu juu ya mito, akanishika mkono, akanitoa nje. Mvua ilikuwa imekatika. Tulisimama kwenye lile jiwe. Katika vitobo vyake bado mna weupe wa chumvi, na mbuzi wa jirani alikuwa analilamba.

"Wewe umesoma," aliniambia. "Kitabu chako kinasema nini? Lazima awe yeye Yonasani?"

Sikuweza kumdanganya. "Hapana. Kinasema Mkristo yeyote, kama mtu anakufa."

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

"Basi ingia umwagie."

"Mama, katekista yupo. Amekwisha kuuliza, na babu amekwisha kukataa. Nitapitaje juu yake?"

"Na kama ungekuja peke yako?"

"Ningemwagia."

Hakunilaumu. Angenilaumu, ningepata pa kushika. Alimfukuza mbuzi kwa upole.

"Unajua ninachoogopa?" alisema. "Si kuondoka. Naogopa afike mlangoni amwone baba yako, na mlango ufungwe usoni pake."

"Mungu ana huruma, mama. Huenda..."

"Ulikuwa husemi huenda. Miaka yote hii ulikuwa unasema hafiki. Nilikuwa nimekaa pale pale, nachambua maharage, nakusikia."

Nilitaka kumwambia kwamba nilikuja kuomba nilale nyumbani mwake. Badala yake nikaanza kuomba, nayo sala ikakataa kuwa na maneno. Ilikuwa Bwana, Bwana, Bwana, kama mtu anayegonga nyumba isiyo na mtu.

"Njoo," Biira alisema.

Alirudi mlangoni, lakini hakuingia. Alisimama nje ya kizingiti, miguu pamoja, kama mgeni anayepiga hodi. Baba mdogo Asanasio alisogea kumpisha, lakini Biira hakupita.

"Nisikilizeni mliomo ndani na mlioko nje," alisema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Mimi Biira si mke wa Masereka kuanzia sasa. Hakuniacha yeye. Nimemwacha mimi. Sina nyumba hapa, sina mgomba, sina sehemu. Mwalimu, una kazi gani tena iliyobaki? Fanya."

Bibi Rusi aliziba mdomo kwa kitenge.

Yonasani alikikunjua tena kitambaa chake cheupe. "Kama mke mwenyewe ameondoka," alisema, "hakuna wa kuachwa."

"Batu yote bamesikia," Asanasio alisema haraka. "Neno imesemwa mbele ya batu. Mama Biira, tunakushukuru. Na ile nyumba yako, samahani, mwanamuke ambaye si wa hapa hawezi kulala mule. Ni desturi. Kesho nitaingizamo vitu yangu."

"Kesho?" Rusi alimgeukia mwanawe. "Baba yako bado anapumua!"

"Mama, nguo inaoza."

Babu alifumbua macho. "Biira amesema nini?"

Tulitazamana. Masikio yake sasa yalikuwa yanakuja na kupotea. Rusi alikwenda kuinama karibu naye.

"Amesema uoshwe," alisema. "Amekubali. Umekuwa ukitusumbua vya kutosha."

"Amekubali vipi?"

"Amekubali tu. Nyamaza, maji yanapoa."

Yonasani alichota maji kwa kiganja. Nilishika taa ingawa kulikuwa mchana, kwa sababu mikono yangu ilihitaji kazi. Yakamwagwa mara tatu juu ya nywele nyeupe za babu, na maneno yakasemwa yote, hakuna lililokosewa. Akaitwa Blasio.

Ndiyo sala niliyoiomba tangu nilipojua kusoma. Ilijibiwa mbele ya macho yangu, nami nilisimama nikiwa nimeshika taa, nisiweze kusema amina.

Babu alilamba tone lililoshuka mpaka mdomoni. "Sasa yale ya kunywa," alisema. "Biira, nipe maji."

Kibuyu kilikuwa kitandani. Biira alikuwa nje ya kizingiti. Niliona mguu wake wa kulia ukiinuka, ukasimama hewani, ukarudi ulikotoka.

Rusi alikichukua kibuyu, akakipeleka mdomoni kwa babu. Babu aligusa mkono ulioshika, akausukuma.

"Huu si wake."

"Kunywa, mume wangu."

"Biira yuko wapi?"

"Nipo hapa," Biira alisema kutoka nje.

"Hapo ni wapi?"

Babu alihangaika kugeuza shingo. Olanya alikwenda akamwinua mabega kama wanavyoinuana askari waliojeruhiwa. Basi babu akaona. Aliona mlango, aliona kizingiti, aliona miguu miwili ya mke wake iliyosimama upande wa nje. Alikuwa amepasua chumvi maisha yake yote. Hakuhitaji kuelezwa.

Nilidhani atamgombeza Rusi, au katekista. Hakuwatazama. Alinitazama mimi.

"Alisi."

"Ndiyo, babu."

"Wewe ndiwe uliyeleta maji."

"Ndiyo, babu."

"Niambie. Biira atalala wapi?"

Nilimtazama Yonasani, alikuwa anafunga mkoba, vidole vimegoma kwenye mpira. Nilimtazama baba mdogo Asanasio, alikuwa anachunguza paa. Nilimtazama Olanya. Alikuwa bado ameshika mabega ya babu, na juu ya kichwa cha mzee akanitikisia kichwa kunikataza, kidogo sana, mara moja. Alijua ninalotaka kusema. Alijua pia kwamba ufunguo wa chumba chetu ulikuwa umekabidhiwa asubuhi, kwamba yeye kesho yuko njiani kwenda kaskazini peke yake, na kwamba sanduku langu lilikuwa limeachwa chini ya ukingo wa paa la konstebo Byamukama, kwa hisani ya mkewe.

Ningesema ukweli. Babu, nilikuja kukuomba mahali pa kulala, na mahali penyewe ni nyumba ya Biira. Lakini kifua chake kilikuwa kinapanda na kusimama, kinapanda na kusimama, na kila kiliposimama nilidhani ni basi.

Nilimwomba Mungu anipe neno. Halikuja. Nikachukua langu.

Nilitoka kando ya kitanda, nikaenda mlangoni, nikasimama kando ya Biira upande wa nje. Nilimshika mkono, nikauinua ili babu auone, na majirani wa barazani wauone.

"Babu, nisikie, na ninyi nyote nisikieni, na Mungu aliyekuosha leo anisikie," nilisema kwa sauti kubwa. "Mama yangu Biira atalala kwangu. Nyumbani mwangu, juu ya kitanda changu, kuanzia leo hii, mpaka siku nitakayomzika mimi mwenyewe."